Boti ya mtumba ya familia moja, na siku ilipobeba watu 130

Wadau, leo tuwaache kidogo mastaa wetu wanaokodi yoti saa mbili, wanapiga picha za mwezi mzima, halafu wanarudi nyumbani na bajaji. Tumuongelee mtu aliyenunua yake. Tena chakavu. Akaiweka familia yake ndani, na miaka kumi baadaye boti ile ikaokoa maisha ya watu wengi.

Jina la mhusika hatulitaji. Vidokezo mtapata, mwenye akili aunganishe mwenyewe.

Kidokezo cha kwanza: jamaa alikuwemo Titanic. Na hakuwa abiria, alikuwa ofisa wa pili wa meli. Usiku ule wa Aprili 1912 alisimamia mashua za upande wa kushoto, akawa mkali balaa: wanawake na watoto tu. Yeye mwenyewe hakupanda. Meli ilipozama alijikuta majini, akaishia juu ya mashua iliyopinduka pamoja na wanaume kama 30, wakisubiri kukuche. Kati ya maofisa walionusurika, hakuna aliyemzidi cheo.

Ungedhani mtu wa hivyo atakabidhiwa meli yake. Wapi! Alipigana Vita ya Kwanza ya Dunia katika jeshi la majini la Uingereza, akapata nishani, ila aliporudi kwa mwajiri wake wa zamani, unahodha akausikia kwa wengine tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaacha kazi. Yeye na mkewe, dada wa Kiaustralia aliyekutana naye baharini, wakahangaika na mambo ya nchi kavu: kufuga kuku, kupokea wageni wa kulala. Watoto watano wanamwangalia.

Sasa hapa ndipo utamu unapoanza. Mwaka 1929 jamaa akanunua boti ya mtumba. Ilikuwa boti ndogo ya mvuke ya jeshi la majini, imeundwa 1912, mwaka uleule Titanic ilipozama. Wakubwa walishaitupa, imebaki bodi tupu. Ni kama leo ununue basi bovu lililotelekezwa gereji, halafu umwambie mama watoto, "Haya, hili ndilo letu." Wengine tungepewa talaka hapohapo.

Mke huyu hakutoa talaka. Boti ikatengenezwa upya: mambo ya mvuke yakaondoka, ikaingia injini ya mota, vikapangwa vyumba vya kulala, ikawa yoti ya familia yenye urefu wa kama mita 18. Mwaka 1930 mama mwenyewe ndiye aliyeizindua, na jina likatoka kwao Australia: Sundowner. Kwa lugha ya huko ni mzururaji anayebisha hodi jua likizama, muda wa kazi umepita, anataka chakula na pa kulala tu. Mtu aliyenyimwa meli anaita boti yake mzururaji. Utani wa watu wazima huo.

Miaka ya 1930 ndiyo waliyoizoea. Walizunguka nayo maji ya Uingereza na kaskazini mwa Ulaya, watoto wakakua wanajua kamba ipi inafungwa wapi. Na hili ndilo watu hawaelewi kuhusu boti ya zamani. Ukinunua mpya, unanunua uwezo wake. Ukinunua ya zamani, kila kitu inabidi uulize mwenyewe: inageuka haraka kiasi gani, uzito ukizidi inaanza kulegea wapi, injini ikibadilisha sauti ina maana gani. Majibu hayo hayapo kwenye karatasi ya mauzo. Yanapatikana kwa kukaa nayo.

Julai 1939 vita inanukia, jamaa na mkewe wakafunga safari kuelekea pwani ya Ujerumani. Kwa nje ni wazee wawili wapo likizo. Kumbe wametumwa na jeshi la majini kuchora na kukagua pwani ya adui. Mapenzi ya uzeeni hayo, wadau!

Halafu ikaja Mei 1940. Majeshi ya Uingereza na washirika wake yamebanwa Dunkirk, Ufaransa, bahari mgongoni. Meli kubwa haziwezi kusogea kwenye ufukwe wenye maji mafupi, kwa hiyo serikali ikaanza kukusanya boti ndogo za raia. Tarehe 31 Mei simu ikaingia: peleka boti yako Ramsgate, wanajeshi wa majini wataichukua. Mzee, umri miaka 66, akakataa. Boti mtapata, ila usukani nashika mimi.

Wengine wangesema kiburi. Lakini fikiria: ungempa mgeni boti ile, angeijulia wapi?

Tarehe 1 Juni akavuka akiwa na mwanawe mkubwa na kijana mmoja wa skauti wa majini. Wakiwa njiani wakakuta boti nyingine inawaka moto, wakaokoa waliokuwemo. Kabla ya siku hiyo, Sundowner ilikuwa haijawahi kubeba zaidi ya watu 21. Kule Dunkirk askari wakaanza kushuka ndani, mtoto ndiye anawapanga chini. Walipofika 50 baba akauliza hali ikoje. Bado nafasi ipo. Walipofika 75 ndipo mtoto akakubali kwamba chini pamejaa. Wengine wakalazwa juu, mpaka mzee akasikia boti inaanza kulegea, akasema basi. Jumla walikuwa kama 130.

Njiani ndege zikawashambulia kwa mabomu na risasi. Hapa ndipo habari inaponigusa. Mwanawe mdogo alikuwa rubani wa vita, na siku za nyuma aliwahi kumweleza baba yake jinsi ndege inavyoshambulia na jinsi ya kuikwepa. Mzee akafanya hivyohivyo: anasubiri mpaka ndege inainua pua kidogo kabla ya kufyatua, ndipo anakata usukani kwa nguvu. Risasi zinapiga maji. Kijana aliyemfundisha alikuwa tayari ameshafariki. Aliuawa siku za mwanzo kabisa za vita, Septemba 1939, kwenye shambulizi la Wilhelmshaven.

Kwa hiyo waliofika Ramsgate salama waliokolewa na vitu viwili: boti ambayo baba aliijua mwili mzima, na maneno ya mtoto ambaye hakuwepo tena. Katika operesheni ile zaidi ya askari 338,000 waliokolewa, na Sundowner ilichangia fungu lake dogo.

Vita haikuishia kuchukua mmoja. Mwanawe mkubwa, yule aliyepanga askari chini, naye aliuawa Machi 1945. Amani iliporudi familia iliirudisha Sundowner majini wakaendelea kuitumia, na mzee akaja kufariki Desemba 1952.

Mtu huyu hakuwahi kuwa nahodha wa meli kubwa ya abiria kama alivyostahili. Alichopata ni bodi lililotupwa, mke aliyekubali, na miaka kumi ya kulizoea. Siku ilipofika, hicho kikatosha.

Haya, mmeshamjua? Anzeni kutaja jina hapo chini. Na nyie mnaosubiri mpaka mpate kipya ndiyo muanze maisha, mnasemaje?