Mae Holland na Deni la Bima

Mae Holland ni mhusika mkuu wa The Circle, riwaya ya Mmarekani Dave Eggers iliyotoka mwaka 2013. Ana miaka 24 anapoajiriwa, kupitia rafiki yake Annie, na kampuni ya intaneti ya California inayotaka kila jambo la kila mtu lionekane na kuhifadhiwa. Anaanza kwa kuhudumia wateja. Kitabu kinapoisha, yeye ndiye sura ya kampuni.

Ni rahisi kumwita mjinga. Msomaji wa Magunga, kule Suba Kusini, huenda asimhukumu haraka hivyo akifika kwenye habari za baba yake Mae. Mzee anaugua maradhi ya neva yasiyopona, na bima yake inamzungusha. Kampuni inawaingiza wazazi katika bima ya wafanyakazi. Aliyewahi kuitisha harambee ili mgonjwa aruhusiwe kutoka hospitalini anajua fadhila hiyo ina uzito gani. Nyuma yake zinakuja kamera nyumbani kwa wazazi, na Mae hana tena mdomo wa kukataa. Wazazi ndio wanaoishia kuzifunika.

Kosa lake kubwa machoni pa kampuni ni dogo ajabu. Usiku mmoja anachukua mtumbwi wa kukodisha bila ruhusa na kupiga kasia peke yake, kamera zinamnasa. Wavuvi wa Ziwa Victoria wangeuliza kwanza mwenye mtumbwi amesemaje. Naye alishamtetea mbele ya polisi! Lakini Eamon Bailey, mmoja wa wakuu watatu wa kampuni, analifufua jambo lililokwisha, analigeuza kuwa deni kwa ulimwengu mzima, na Mae anakiri jukwaani. Kisha anakubali kuvaa kamera mchana kutwa. Kwangu hapa ndipo riwaya inapokuwa kali zaidi: Mae anaungama kosa ambalo halimdhuru mtu, na baada ya hapo anayadhuru maisha ya wengine bila kuungama lolote.

Kenya ina mfano wake wa watu kutoa data zao kwa sababu ya shida. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wakapigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin, wakalipwa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa iliyotolewa kwa hiari. Hiari ya mwenye njaa ni ipi? Swali hilo linamhusu Mae pia, ila kwa nusu ya kwanza tu ya kitabu.

Katika nusu ya pili hakuna anayemshika kwa shida yake. Mercer, mpenzi wake wa zamani, anataka tu aachwe. Mae anawatuma watazamaji wamtafute, droni zinamfukuza, naye anaendesha gari hadi nje ya daraja. Ty, mwanzilishi wa kampuni, anamsihi amsaidie kuisimamisha. Mae anamsaliti. Filamu ya 2017 ilimwonea huruma ikamgeuza dhidi ya mabosi wake; Eggers hakufanya hivyo. Anamwacha kando ya kitanda cha Annie aliyepoteza fahamu, akikereka kwamba hawezi kuona rafiki yake anawaza nini.