Maji ya Mzima ni ya nani? Uzi kabla hatujaanza kutukanana

Kampeni zikikaribia hapa Pwani, Mzima hurudi jukwaani. Huyu anaahidi bomba la pili, yule anaahidi fidia kwa Taita Taveta. Sitaji mtu wala chama, msinirukie. Nataka tu tujue tunabishania nini.

Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa. Nyanya yangu alikuwa akituhadithia habari za visima: misikiti ilikuwa na kisima na birika la kutawadhia, na wachukuzi wakizunguka na mzegazega begani kupeleka maji majumbani. Mengi yalikuwa ya chumvichumvi, ya kuoga na kufua. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, lina matundu. Unachomwaga chooni hakiko mbali na kisima cha jirani. Shikeni hilo kwanza.

Wakoloni wakaleta maji ya chemchemi za Marere, Shimba Hills. Mji ukakua, yakawa hayatoshi. Ndipo miaka ya 1950 likajengwa bomba la kilomita 220 hivi kutoka Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Mvua hunyesha milima ya Chyulu, ikazama kwenye miamba ya volkano, ikatokea Mzima. Kutoka hapo maji huteremka yenyewe mpaka Mombasa, bila pampu. Kule Baricho, mto Sabaki, ni pampu usiku na mchana, na stima ikikatwa kwa sababu ya deni, mifereji inakauka. Haya tumeyaona, tena si mara moja.

Sasa bomba hilo linapita Taita Taveta. Ndiyo, Voi inapata sehemu yake. Lakini kuna mama huko analiona bomba likipita, naye ananunua mtungi. Mimi wa Mombasa ninayeyanywa siwezi kumwambia "maji ni ya Mungu" halafu nikalala.

Sheria je? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kusambaza maji ni kazi ya kaunti. Ila mabomba makuu yanayovuka kaunti yako chini ya shirika la serikali kuu, ambalo linaziuzia kampuni za kaunti maji kwa jumla. Kwa hivyo anayekuahidi Mzima akiwa anagombea kiti cha kaunti, muulize atakubaliana na nani, na deni la maji ya jumla litalipwa na nani. Wengi hapo hubadilisha mada.

Na vyoo? Kifungu hichohicho kinataja usafi, lakini jukwaani kimya. Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya majitaka. Ni mashimo, kwenye jiwe lilelile la matumbawe. Mfereji ukikauka tunarudi visimani, kipindupindu kikija tunamfukuza muuza viazi karai.

Mwenye bili ya mwezi huu aiweke hapo chini. Na mwenye kununua mtungi wa lita 20 aseme ni shilingi ngapi kwao. Nataka kulinganisha Voi, Likoni na Kisauni.