Pampu ya Barafu Ilikufa, Nikakumbuka Pampu Zote za Ukambani

Wadau, hii si posti yangu ya kawaida. Leo naanza na maji yaliyomwagika jikoni kwa mama mdogo, Kitui mjini, halafu nitawarudisha nyuma miaka kama themanini. Vumilieni, tutafika.

Mama mdogo alirudi kutoka Doha na mashine ndogo ya barafu. Nyumbani anatengeneza juisi ya maembe, maembe yenyewe yakitoka kwetu Makueni, na jua la Kitui mnalijua. Hakuna mteja anayetaka juisi ya uvuguvugu.

Sasa, kitu ambacho sikujua: kisanduku kinachohifadhi barafu kwenye mashine kama hii si friza. Kimezuiwa joto tu. Barafu inayeyuka polepole, maji yanashuka kwenye kibeseni cha chini, kiboya kinainuka na kuwasha swichi, kisha pampu ndogo inayasukuma maji juu hadi kwenye bomba la sinki. Mashine iko chini, bomba liko juu. Bila hiyo pampu, maji hayana pa kwenda.

Mwezi wa pili pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Asubuhi sakafu ilikuwa ziwa.

Nikatoka Wote na spana zangu za kujifanya fundi. Nikachomoa waya wa stima, nikafunga maji, tukaondoa barafu, nikafungua kifuniko cha nyuma na kutoa mirija miwili: ule wa kuingiza maji kwenye pampu na ule wa kutoa. Ndani kulikuwa na gamba jeupe kama chokaa. Mama mdogo hununua maji ya kisima kirefu mfereji ukikauka, na visima vingi huku vina chumvi. Nililoweka pampu kwa siki, gamba likatoka, lakini mota ilikuwa imeshaungua.

Basi nikatafuta nyingine. Kitui mjini, hakuna. Machakos, hakuna. Nairobi, mwenye duka mmoja aliitazama picha kwenye simu yangu na kusema, "Kijana, nunua mashine mpya." Yaani kitu kinachotoshea kiganjani kimekufa, sasa nitupe mashine nzima!

Susu alikuwa ameketi mlangoni akichambua pojo. Akanisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Hiyo ni Nikw'a Ngwete ya pampu."

Kwa msiotoka Ukambani: sisi njaa tunazipa majina. Nikw'a Ngwete ni njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maana yake ni kama kusema, "nitakufa nikiwa nazo mkononi." Pesa watu walikuwa nazo, cha kununua ndicho kilichokosekana. Wakati huo susu alikuwa mama wa watoto wadogo. Hasomi kuhusu njaa hiyo, anaikumbuka.

Maneno yake yalinikaa kichwani. Kwa sababu ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo historia ya maji Kitui na Makueni. Mitambo tumeletewa kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni kipande kidogo, na mtu wa kukifunga.

Twende pole pole.

Kabla ya pampu yoyote, watu wetu walichimba maji kwenye mchanga wa mito ya msimu. Mto Tiva ukikauka juu, chini ya mchanga bado kuna maji. Unachimba kithima, unachota kwa kibuyu, unazungushia miiba ng'ombe wasiingie. Kithima kikibomoka, aliyekichimba jana anakichimba tena leo. Kazi ilikuwa ngumu, na mzigo mwingi ulikuwa mgongoni mwa wanawake, sitaki kuipamba. Lakini angalau fundi alikuwa ni mtumiaji mwenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika, maarufu kama ALDEV. Makueni wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Machakos (ilikatwa kuwa wilaya mwaka 1992). Vichaka vya mbung'o vikafyekwa, watu wakahamishiwa huko, na Ukambani kukachimbwa mabwawa ya udongo, yale tunayoita silanga, pamoja na visima virefu. Ndipo mambo yakabadilika. Kisima kirefu hakichotwi kwa kibuyu, kinataka injini, injini inataka dizeli, na zote mbili zinataka fundi wa serikali. Kuanzia hapo, maji yakiwa chini ya ardhi ya kijiji chako, ufunguo uko ofisini mwa mtu mwingine.

Uhuru ukaja na ahadi. Mwaka 1974 serikali iliandaa mpango mkuu wa maji wenye lengo la kila nyumba kupata maji safi karibu ifikapo mwaka 2000. Ahadi tamu. Miaka ya 2000 nilipokuwa mtoto, mimi na dada yangu tulikuwa tukisukuma punda wenye mitungi kabla ya shule. Dada alichelewa shule mara nyingi kuliko mimi, na mnajua kwa nini.

Halafu ikaja miaka ya 1981 hadi 1990, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa muongo wa maji. Hapa kuna kisa ambacho Wakenya wengi hawakijui, na ni chetu. Mwaka 1981 UNDP na Benki ya Dunia walianza mradi wa kupima pampu za mkono, maana pampu zilizokuwa zimesambazwa vijijini katika nchi nyingi zilikuwa zikifa na kuachwa pale pale. Sehemu mojawapo ya majaribio ilikuwa Kwale, pwani yetu. Shirika la KWAHO lilikuwa huko na vikundi vya wanawake, na wanawake wakafundishwa kuzitengeneza wenyewe.

Kutokana na kazi iliyofanyika Malawi na huko Kwale ikazaliwa pampu ya Afridev. Umeiona, hata kama hulijui jina lake: ule mkono mrefu wa chuma kwenye ua wa shule au zahanati. Wazo lake ndilo linalonigusa. Iliundwa ili wanakijiji waweze kuifungua kwa spana moja, wavute fimbo na pistoni bila kung'oa bomba lote, wabadilishe mpira uliochakaa na warudishe. Na muundo wake haukufungiwa na hataza, kiwanda chochote kingeweza kuutengeneza. Kuna watu walikaa chini wakajiuliza swali ambalo muuza mashine ya mama mdogo hakujiuliza: hii ikiharibika, nani ataifungua?

Jibu zuri, lakini halikutosha. Spana moja haisaidii kama mpira wenyewe hauuzwi sokoni kwenu. Haisaidii kama kamati ya maji ina mweka hazina lakini haina hazina. Spea ziko mjini, nauli inatoka mfukoni mwa nani? Basi pampu inakaa wiki, mwezi, na wanawake wanarudi kwenye mchanga.

Enyewe kuna waliosema, basi tuachane na pampu. Mwaka 1978, upande wa Machakos, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, ambacho baadaye kilijulikana sana kwa mabwawa ya mchanga. Kitui, shirika la SASOL lililoanzishwa mwaka 1990 lilijenga mamia ya mabwawa hayo na jamii. Unajenga ukuta kuvuka mto wa msimu, mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na kushika maji ndani yake, jua lisiyafikie. Ni kithima cha susu kilichoongezewa ukuta. Watu walibeba mawe kwa mwethya, ile kazi yetu ya pamoja. Hakuna mota ya kuungua hapo. Ila si kila kijiji kina mto unaofaa, na ukuta ukipasuka nao unataka mikono.

Kisa cha mwisho kilitokea Kyuso, kaskazini mwa Kitui. Mwaka 2013 hivi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu. Kila pampu ilipotumika, kifaa kilipima mwendo wa mkono na kutuma ujumbe mfupi wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua, anapanda pikipiki. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 hivi. Baada ya hapo, chini ya siku 3.

Hebu tusimame hapo. Siku 27, siku 3. Pampu ni zile zile, visima ni vile vile. Kilichoongezeka ni habari, fundi anayelipwa na spea iliyo tayari. Kutoka kazi hiyo ikatokea FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale: watu wanalipa kidogo kidogo kabla pampu haijafa, si kuchangishana baada ya mazishi. Na tuseme ukweli wote, michango ya wanavijiji peke yake haikutosha gharama. Ikabidi mfuko maalum uongezee. Matengenezo ni gharama ya kweli, hayajilipi kwa hotuba.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Tangu 2013 huduma ya maji iko mikononi mwa kaunti. Kila mwaka tunaona utepe ukikatwa, kisima kipya, paneli za sola zinang'aa, mheshimiwa anakunywa glasi ya kwanza, makofi. Sipingi. Lakini sola nayo ina pampu chini, na pampu ile ina mota, na chumvi yetu haibagui. Mimi nataka tuulize pale pale kwenye hema, kabla ya makofi: spea iko duka gani? Fundi ni nani, na analipwa na nani? Bajeti ya mwaka wa tatu iko wapi? Kisima kisicho na majibu hayo ni mashine ya barafu kutoka Doha.

Na ile ya mama mdogo? Fundi wa viyoyozi pale Kitui aliniuliza maswali mawili tu: maji yanapanda urefu gani, na kwa saa ni kiasi gani? Akaniambia kiyoyozi nacho hutoa maji, na kina pampu ndogo ya kuyasukuma inayofanya kazi ile ile. Akaifunga nje ya mashine mahali ambapo mkono unafika, akaunganisha mrija, akamwaga kikombe cha maji kwenye kibeseni. Kiboya kikapanda. Pampu ikaamka. Sasa maji yale hayaendi tena kwenye sinki, yanaingia kwenye jerikeni, na jioni yanamwagiwa sukuma wiki.

Susu alimwambia mama mdogo anunue pampu mbili. Mama mdogo akalalamika bei, lakini akanunua. Ya pili iko kabatini, ndani ya pakiti ya unga, na chupa ya siki kando yake.

Sasa zamu yenu. Kwenu kuna pampu gani iliyokufa, na imekaa siku ngapi? Andika kijiji na idadi ya siku tu. Nitazihesabu zote, na siku ya kikao cha bajeti ya kaunti cha kusikiliza wananchi nitaisoma orodha hiyo kwa sauti.