Jinsi vitu vinavyoingia na kutoka katika seli hai

KATIKA vihamba vya Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mche wa kahawa uliowekewa mbolea nyingi ya chumvichumvi karibu na shina huweza kunyauka hata kama udongo una maji. Mtoto anayeharisha naye huweza kuishiwa maji mwilini ingawa anakunywa. Mambo hayo mawili huelezwa na elimu moja: upitaji wa vitu katika utando wa seli.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini, unaoruhusu baadhi ya vitu kupita na kuzuia vingine. Njia kuu za kupita ni nne.

Kwanza ni mtawanyiko, ambapo kitu husambaa kutoka mahali kilipo kwa wingi kwenda kilipo kidogo. Ndivyo oksijeni inavyoingia katika damu kutoka mapafuni.

Pili ni osmosisi. Maji huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Mbolea ikizidi udongoni, maji hutoka katika mizizi badala ya kuingia. Peter Agre wa Marekani, aliyegundua vijia vya protini vinavyopitisha maji hayo, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Tatu ni uchukuzi unaotumia nishati. Pampu iliyogunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957 hutoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2 kila mzunguko.

Nne ni kumeza. Chembe nyeupe za damu huzingira bakteria na kuwaingiza ndani.

Elimu hii imeokoa maisha ya watoto wengi. Sumu ya vijidudu vya kipindupindu huzilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji hufuata. Hata hivyo, lango linaloingiza sodiamu pamoja na sukari, lililoelezwa na Robert Crane mwaka 1960, huendelea kufanya kazi. Mwaka 1968, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu huweza kutibiwa kwa kunywa mchanganyiko wa chumvi na sukari.

Pakiti ya ORS huchanganywa kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Isipopatikana, hutumika nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya sukari, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Vipimo visizidishwe: chumvi au sukari ikizidi, maji huvutwa kutoka mwilini kwenda utumboni, kama inavyotokea kwa mizizi ya kahawa.

Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia au anayeharisha damu apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.