Mpofi: Sipre na pini za milimani zilitoka wapi?

Anayetoka Walikale kupitia Mpofi kupanda Masisi huona miti ikibadilika njiani. Chini ni msitu mkubwa wa joto. Juu, kati ya mashamba na malisho ya ng'ombe, kuna mistari ya kalitusi na ya sipre. Wengi wamezaliwa wakizikuta, wakadhani zilikuwapo tangu mababu. Sivyo. Sipre ni mgeni, na pini vilevile.

Makao makubwa ya jamii hiyo ya miti ni kaskazini ya dunia. Msitu wake mkubwa kuliko yote unapita Urusi, Skandinavia na Kanada, kwenye baridi kali. Matawi yaliyoinama huangusha theluji, na majani membamba kama sindano hayapotezi maji mengi. Katika Afrika, pini za asili ziko kaskazini tu: Moroko, Algeria, Tunisia. Pini zilizovuka ikweta bila kupandwa na mtu ni zile za kisiwa cha Sumatra, Indonesia.

Kivu nayo ina mti wake wa ukoo huo. Ni podo, ambayo mbegu yake inafanana na tunda dogo. Iko bado kwenye milima ya Kahuzi, lakini inakua polepole, na mbao zake nzuri zimeiponza.

Wageni walikuja na ukoloni. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, iliyogawia walowezi ardhi kubwa. Walowezi walitaka mbao, kuni na kinga ya upepo. Sipre iliyoenea katika milima ya Afrika Mashariki asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Pini inayopandwa sana, ile ya majani yanayoning'inia, nayo ni ya Meksiko. Pini ilisumbua mwanzoni: miche ilidhoofika mpaka ilipoletewa udongo wenye kuvu fulani wanaoishi na mizizi yake. Leo, nchini Rwanda, pini zimepandwa kandokando ya msitu wa Nyungwe, na huko Sao Hill, Tanzania, majaribio yaliyoanza 1939 yamezaa shamba la miti kubwa kuliko yote nchini humo.

Masisi, mti haukuwa mbao tu. Aliyepanda mti alionyesha kwamba ardhi ni yake. Ndiyo maana wenye makonsesyo wengi waliwaruhusu wakulima maharagwe na mahindi, lakini si miti. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali, na mwisho wa mwaka huohuo mashamba ya wageni yakapewa Wazairwa, mara nyingi wenye vyeo. Mkulima mdogo alibaki palepale.

Kisha vita ya 1993, iliyowaka kutoka soko la Ntoto huko Walikale, na nyingine zilizofuata. Watu wakikimbia, miti yao haina mlinzi. Inageuka makala na mbao. Familia inayorudi ikikuta kalitusi zimekatwa, visiki vinachipuka tena na mstari wa mpaka bado unaonekana. Ikikuta sipre au pini zimekatwa, kisiki hakichipuki. Kinaoza ardhini, na mpaka unabaki katika midomo ya majirani.