Nalanda: Chuo Kilichojengwa Juu ya Chuo

Ukifika Nalanda, katika jimbo la Bihar nchini India, upande wa kusini utakutana na kilima cha matofali mekundu. Wachimbaji walikiita Hekalu Namba 3. Kitazame vizuri: ngazi moja imefunikwa na nyingine, na zote zinapanda kuelekea kileleni. Ndani yake mna majengo saba, kila moja limelimeza lililolitangulia. Hakuna kizazi kilichobomoa jengo la wazee wake kikaanza upya uwanjani. Tabia hiyo ndiyo inayoieleza Nalanda nzima.

Makao haya ya watawa wa Kibudha yalianza karne ya 5, enzi ya mfalme Kumaragupta wa Kwanza wa ukoo wa Gupta, na yakadumu kwa takriban miaka 800. Zimefukuliwa nyumba 11 za watawa na mahekalu 6, na mpangilio wake ni mwepesi kuushika. Njia pana inakata eneo kutoka kusini kwenda kaskazini. Mashariki zimepangwa nyumba za watawa, magharibi mahekalu. Milango ya karibu nyumba zote inatazama magharibi, hivyo mtawa aliyetoka alfajiri alilikabili hekalu kabla ya kitu kingine chochote.

Ingia katika nyumba mojawapo, na nyingine zote umezijua. Mlango ni mmoja tu. Unakupeleka kwenye ua wa wazi uliozungukwa na baraza, na nyuma ya baraza kuna vyumba vidogo pande zote nne. Mkabala na mlango ndipo palipokuwa na sanamu ya Buddha. Uani kuna kisima, na mfereji wa kutoa maji machafu nje. Chumbani mna kitanda cha kujengea na kidaka ukutani cha kuwekea vitu, kama vidaka vya nyumba za mawe za Lamu. Kuta nene na mabaki ya ngazi yanaonyesha kwamba kulikuwa na ghorofa.

Katika nyumba Namba 1, wachimbaji walikuta tabaka tisa za ujenzi. Humo pia ndimo lilimopatikana bamba la shaba la mfalme Devapala, la karne ya 9. Linaeleza kwamba Balaputradeva, mfalme wa Suvarnadvipa, yaani Sumatra, alijenga nyumba ya watawa Nalanda, na kwa ombi lake Devapala akatoa vijiji vitano. Mapato ya vijiji hivyo yaliwapa watawa chakula, malazi na dawa, na kugharimia kunakili vitabu. Kila tofali la Nalanda lilisimama juu ya jasho la wakulima.

Yijing, mtawa kutoka China aliyesoma hapa kwa takriban miaka kumi tangu 675, aliandika kwamba wakazi walizidi 3,000. Anasimulia pia jambo dogo linalonigusa kila nilisomapo: kulikuwa na mabwawa makubwa zaidi ya kumi, na kila asubuhi kengele ililia, watawa wakatoka kwa mamia kwenda kuoga. Soma habari hiyo, kisha itazame milango ile iliyopangika kwa safu. Mahali panajaa watu.

Mnamo mwaka 1200 hivi, majeshi ya jemadari Bakhtiyar Khalji yaliivamia Bihar, na vyuo vya watawa vikaharibiwa. Udongo ukaifunika Nalanda, hadi Alexander Cunningham alipoitambua miaka ya 1860 kwa kufuata maandishi ya msafiri wa Kichina, Xuanzang. Uchimbaji mkubwa ulifanyika kati ya 1915 na 1937, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia.

Lakini masomo hayakukoma siku kuta zilipoanguka. Katika miaka ya 1230, Dharmasvamin, mtawa kutoka Tibet, alifika akakuta majengo mengi ni magofu. Katikati yake alikuwapo mwalimu Rahula Shribhadra, mzee wa miaka zaidi ya 90, akifundisha wanafunzi wapatao 70. Habari zilipokuja kwamba askari wanakaribia, wengine walikimbia. Dharmasvamin akambeba mwalimu wake mgongoni, wakaenda kujificha. Hatari ilipopita, wakarudi, somo likaendelea.