Tabibu wa kinywa na meno (Mbeya na Iringa)

Tabibu wa kinywa na meno ni mtaalamu wa stashahada anayetoa huduma za msingi za meno katika vituo vya afya na hospitali za wilaya Tanzania. Hafiki kiwango cha daktari wa meno, ambaye husomea shahada ya miaka 5, lakini katika Nyanda za Juu Kusini ndiye anayekutana na wagonjwa wengi zaidi. Mbeya ina chuo cha kada hii. Rufaa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa.

Kazi kubwa kituoni ni kung'oa. Mgonjwa wa kijijini huja shavu likiwa limevimba, baada ya wiki za karafuu na dawa za dukani, na kwa hatua hiyo jino mara nyingi haliokoki. Kwa jino linalowahiwa, njia inayofaa mazingira haya ni ujazaji usiotumia mashine, uliojaribiwa kwanza Tanzania katikati ya miaka ya 1980: uozo hukwanguliwa kwa zana za mkono, unga na kimiminika vikachanganywa kuwa saruji laini, kisha kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini kikaigandamiza tunduni. Umeme hauhitajiki, kwa hiyo hata shuleni hufanyika.

Aliyezoea kiti cha meno kinachotumia umeme hulazimika pia kujifunza kufundisha: kliniki ya mama na mtoto, mikutano ya kijiji, madarasani. Saruji ikiisha, kinachobaki ni koleo.